Kumaliza mkopo wa nyumba mapema: akiba ndogo za nyumbani zinavyokata miaka ya deni

Muulize mwenye mkopo wa nyumba analipa kiasi gani kwa mwezi, atakujibu hapo hapo. Muulize katika rejesho la mwezi uliopita ni kiasi gani kilipunguza deni lenyewe, wengi watanyamaza. Si uzembe. Benki hukata fedha yake, ujumbe huingia kwenye simu, maisha yanaendelea. Lakini jibu la swali hilo la pili ndilo linaloamua kama kubana matumizi nyumbani kutakuwa kujinyima bure au kutakutoa kwenye deni miaka kadhaa kabla ya siku iliyoandikwa kwenye mkataba.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao. Umekopa 10,000,000, fedha ya nchi yoyote ile, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, ulipe kwa miaka 20. Riba inahesabiwa kila mwezi juu ya salio lililobaki, kwa hiyo kila mwezi unatozwa asilimia 1 ya unachodaiwa. Rejesho linakuwa 110,109 kwa mwezi, kiasi kile kile kwa miezi 240. Mwezi wa kwanza, asilimia 1 ya milioni 10 ni 100,000, na yote hiyo ni riba. Kwenye fedha uliyotoa kunabaki 10,109, na hiyo peke yake ndiyo inayopunguza deni la msingi, yaani fedha yenyewe uliyokopa.

Mwezi wa pili deni ni 9,989,891. Riba inashuka kidogo hadi 99,899, sehemu ya deni la msingi inapanda hadi 10,210. Mwendo ni huo huo, polepole mno. Baada ya miaka mitano utakuwa umeshalipa zaidi ya 6,600,000, na deni litakuwa limepungua kwa kama 826,000 tu. Nusu ya deni la msingi utaifikia mwaka wa 15 ukikaribia kwisha. Na ukifika mwisho bila kubadili chochote, utakuwa umelipa riba ya takriban 16,426,000 juu ya zile milioni 10 ulizokopa.

Hapa wengi huhisi wamedhulumiwa, na ninawaelewa. Ila hesabu yenyewe haina hila: benki inatoza riba juu ya fedha ambayo bado iko mikononi mwako, na mwanzoni karibu yote bado iko mikononi mwako. Mtindo huu wa rejesho linalolingana kila mwezi ulienea Marekani katika miaka ya 1930, hasa baada ya mamlaka ya shirikisho ya nyumba kuundwa mwaka 1934. Kabla ya hapo mikopo mingi ya nyumba nchini humo ilikuwa ya miaka michache. Mtu alilipa hasa riba, kisha sehemu kubwa ya deni ikamwangukia kwa mkupuo mmoja mwishoni. Uchumi ulipoporomoka, watu wengi walishindwa kulipa au kukopa upya, wakapoteza nyumba. Rejesho la miaka mingi lilikuwa nafuu ya kweli. Gharama yake ni kwamba miaka ya mwanzo inamezwa na riba.

Sasa tazama jedwali la marejesho, ile karatasi yenye mistari mingi unayopewa siku ya kusaini na kuifungia kwenye bahasha. Weka kidole kwenye mstari wa pili: riba 99,899, deni la msingi 10,210. Tuseme mwezi wa kwanza, pamoja na rejesho lako la kawaida, umelipa 10,210 ya ziada na benki imeielekeza yote kwenye deni la msingi. Deni lako sasa ni sawasawa na lile ambalo ungekuwa nalo baada ya mwezi wa pili. Mwezi ujao unaanza mstari wa tatu. Mstari wa pili umefutika, na ile riba ya 99,899 iliyoandikwa pale hutailipa kamwe. Ulichotoa ni 10,210.

Mtu akishauona mstari huo ukifutika, hahitaji tena kushawishiwa kuhusu kubana matumizi. Fedha inayotolewa juu ya rejesho haina tena kazi ya kulipa riba, kwa sababu riba ya mwezi huo imeshalipwa na rejesho la kawaida. Yote inakwenda kwenye gogo lenyewe, na wahenga walishasema bandu bandu huisha gogo.

Hebu tuone mabandu hayo yanafanya nini. Ongeza 10,000 kila mwezi kwenye mfano wetu, chini kidogo ya asilimia 10 ya rejesho. Mkopo wa miaka 20 unaisha katika miaka 15. Utakuwa umetoa ziada ya jumla ya takriban 1,800,000, na riba itapungua kwa kama 4,850,000. Tuseme kumi elfu ni nyingi kwako. Ongeza 1,500 tu kwa mwezi, kiasi ambacho hakifiki hata asilimia moja na nusu ya rejesho. Deni linaisha zaidi ya mwaka mmoja mapema. Nimeirudia hesabu hii mara kadhaa kwa sababu inaonekana haiwezekani, na kila mara inatoka vile vile.

Muda una uzito kuliko kiasi. Ukipata 100,000 ya ghafla ukaiweka kwenye deni mwanzoni kabisa mwa mkopo huu, itakuepusha na riba ya takriban 943,000. Ukiiweka mwisho wa mwaka wa 15, itakuepusha na kama 81,000. Fedha ile ile, mkopo ule ule. Kwa hiyo anayesema "tutaanza kulipa ziada mambo yakitulia" anapoteza ile miaka ambayo ziada ingemfaa kuliko yote.

Riba nayo inabadilisha picha. Kwa asilimia 12, nyongeza ya asilimia 10 juu ya rejesho hukata zaidi ya miaka mitano. Kwa asilimia 5, nyongeza kama hiyo kwenye mkopo wa miaka 20 hukata karibu miaka mitatu. Bado ni jambo kubwa, lakini mwenye mkopo wa riba ndogo asitarajie miujiza ya jirani yake mwenye riba kubwa. Na lazima niseme kwamba riba unayookoa ni ya miaka ya mbele, wakati ambapo bei za vitu zitakuwa zimepanda na fedha hiyo haitakuwa na nguvu ya leo. Ukitaka kipimo kisichokudanganya, jiambie hivi: kila kiasi ninachopunguza kwenye deni la asilimia 12 kinanipa faida ya asilimia 12 kwa mwaka, bila kubahatisha. Kisha ujiulize kama kuna mahali pengine palipo salama panapolipa zaidi ya hapo, kodi ikishakatwa. Mara nyingi hapapo.

Sasa turudi nyumbani, maana fedha hiyo ya ziada lazima itoke mahali.

Ushauri mwingi wa kubana matumizi unaanzia kwenye vitu vidogo vya kila siku na kuishia hapo. Sivipuuzi, na tumeona 1,500 inavyofanya. Lakini kaya nyingi huvuja zaidi kwenye maamuzi machache makubwa yanayofanywa mara moja kwa miaka kadhaa: gari la kubadilisha kabla la zamani halijachoka, simu mpya kwa mkopo, samani, bima inayohuishwa kila mwaka bila mtu kuuliza bei kwa kampuni nyingine. Gari likiendelea kutumika miaka mitatu zaidi, fedha ambayo ingelipia jipya ni kubwa kuliko utakachookoa kwa kuzima taa maisha yako yote. Anza na hayo. Kaeni kama familia, mpitie taarifa za akaunti za miezi mitatu, muulizane kwa kila malipo yanayojirudia: hiki bado tunakitumia? Malipo yanayokatwa yenyewe kila mwezi ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa hayamuumi mtu yakitoka.

Baada ya hapo ndipo umeme, maji na chakula. Kwenye umeme, angalia kwanza kinachopasha joto au kupoza: maji ya moto, jiko, kiyoyozi, jokofu. Hivyo ndivyo vinavyokula. Taa ni rahisi kurekebisha na hesabu yake iko wazi. Balbu ya zamani ya wati 60 ikibadilishwa na balbu ya LED ya wati 9 inayotoa mwanga wa kukaribiana nayo, ikiwaka saa tano kwa siku, inaokoa uniti 93 kwa mwaka. Zidisha kwa idadi ya balbu za nyumba yako na bei ya uniti unayolipa, utapata kiasi halisi cha kupeleka kwenye deni. Chakula ni eneo ambalo watu hujidanganya sana. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba kaya duniani zilitupa tani milioni 631 za chakula mwaka 2022, wastani wa kilo 79 kwa kila mtu. Familia isiyoamini iandike kwa wiki mbili kila inachotupa, na bei yake pembeni. Hapo hakuna anayeombwa kula kidogo, ni kununua kile kitakacholiwa tu.

Yote hayo, hata hivyo, hayapunguzi deni kwa senti moja. Hapa ndipo juhudi nyingi za kweli hupotelea. Bili ya umeme ikishuka, tofauti hubaki kwenye akaunti ile ile ya matumizi, na mwisho wa mwezi haipo. Hakuna aliyeitumia vibaya. Imekwenda tu kwenye kitu kingine, kama fedha isiyo na jina inavyokwenda siku zote. Kuokoa na kulipa deni ni vitendo viwili tofauti, na cha pili hakijitokezi chenyewe baada ya cha kwanza.

Njia ninayoiamini ni kugeuza utaratibu. Usisubiri kuona kitakachobaki. Chagua kiasi, hata kiwe kidogo, na uagize benki ikihamishe kwenda kwenye mkopo siku ile ile mshahara unapoingia, pamoja na rejesho. Kisha kila unapopata upungufu wa kudumu wa matumizi, pandisha kiasi hicho siku hiyo hiyo. Umesitisha malipo ya 1,500 ya huduma usiyoitumia? Kabla hujafunga simu, ongeza 1,500 kwenye agizo la benki. Bima imeshuka kwa 24,000 kwa mwaka? Gawa kwa 12, ongeza 2,000. Mkopo mwingine umeisha? Rejesho lake lote lielekezwe huku kuanzia mwezi unaofuata, kabla familia haijazoea kuishi nalo. Na kama mkopo wako una riba inayobadilika, riba ikishuka na benki ikapunguza rejesho, endelea kulipa kiasi cha zamani. Mfuko wako hautahisi tofauti, deni litahisi.

Wanaolipwa kila wiki mbili wana njia nyingine: kulipa nusu ya rejesho kila wiki mbili. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo ni nusu 26, sawa na marejesho 13 badala ya 12. Faida inatoka kwenye hilo rejesho la kumi na tatu. Baadhi ya kampuni hutoza ada kukupangia hivyo. Hakuna haja ya kulipia huduma hiyo, kwani ukigawa rejesho moja kwa 12 na kuongeza kipande hicho kila mwezi umefika pale pale.

Ila kabla hujatuma hata ziada ya kwanza, soma mkataba. Hii ndiyo sehemu inayochosha, na ndiyo inayoweza kubatilisha hesabu zote nilizotoa.

La kwanza ni namna riba inavyohesabiwa. Mfano wetu ni wa riba inayotozwa juu ya salio linalopungua. Kuna mikopo ambayo riba hupigwa mara moja juu ya kiasi chote ulichokopa, kwa miaka yote, kisha jumla ikagawanywa kwa miezi. Kwenye mkopo wa aina hiyo kulipa ziada kunaweza kusikuokolee chochote, isipokuwa mkataba useme kwamba anayemaliza mapema anasamehewa sehemu ya riba. Muulize ofisa mikopo swali moja na umwombe ajibu kwa maandishi: nikilipa ziada leo, riba ya mwezi ujao itashuka?

Mikataba ya benki za Kiislamu ina sura yake. Kwenye murabaha benki inanunua nyumba na kukuuzia kwa bei iliyokwisha kuongezwa faida, na bei hiyo ni deni lililofungwa. Ukilipa mapema, punguzo linategemea sera ya benki au sheria ya nchi, kwa hiyo liulizie kabla ya kusaini. Kwenye musharaka inayopungua wewe na benki mnamiliki nyumba kwa hisa, unanunua hisa za benki kidogo kidogo na kulipia pango kwa sehemu iliyobaki yake. Hapo ukinunua hisa haraka, pango linapungua, na mantiki ya kulipa ziada inafanya kazi vizuri.

La pili ni tozo ya kulipa mapema. Sheria zinatofautiana sana. Marekani, tangu Januari 2014, mikopo mingi ya kawaida ya nyumba ama hairuhusiwi kabisa kuwa na tozo hiyo, ama tozo inawekewa kikomo na haiwezi kuvuka miaka mitatu ya kwanza. Uingereza, mikopo mingi ya riba isiyobadilika humruhusu mkopaji kulipa ziada ya hadi asilimia 10 ya salio kwa mwaka bila kutozwa. Ujerumani, anayevunja mkopo wa riba isiyobadilika mapema anaweza kudaiwa fidia kubwa, lakini miaka 10 ikishapita tangu apokee fedha yote, sheria inamruhusu kujitoa kwa kutoa taarifa ya miezi sita bila fidia. Tofauti hizo zinatosha kuonyesha kwa nini ushauri wa rafiki aliye nchi nyingine haukutoshi.

La tatu ni dogo kwa maandishi na kubwa kwa matokeo: benki inaifanyia nini ziada yako. Nyingine huihesabu kama rejesho la mwezi ujao lililotangulia. Nyingine huiweka pembeni tu, bila kazi. Nyingine huipeleka kwenye deni la msingi lakini ikapunguza rejesho na kuacha muda vile vile. Unachotaka wewe ni ipunguze deni la msingi na ifupishe muda. Andika hivyo kwenye maelezo ya malipo, peleka barua, na mwezi unaofuata fungua taarifa ya mkopo uangalie salio kwa macho yako. Kama halikushuka kwa kiasi ulichotuma, rudi benki siku hiyo hiyo. Makosa haya yakigunduliwa mapema hurekebishwa, yakilala miaka mitatu yanakuwa kesi.

Kuna watu ambao nisingewashauri waanze kulipa ziada sasa. Mwenye deni la kadi au mkopo mdogo wa riba kubwa kuliko wa nyumba amalizane na hilo kwanza, hesabu haina mjadala. Asiye na akiba ya dharura aijenge kwanza, matumizi ya miezi mitatu hadi sita, kwa sababu fedha ikishaingia kwenye nyumba haitoki kirahisi. Ukipoteza kazi, benki haitakumbuka kwamba ulilipa ziada kwa miaka minne. Itadai rejesho la mwezi huu. Australia na Uingereza baadhi ya benki hutoa akaunti ya akiba iliyofungamanishwa na mkopo: fedha yako inabaki yako, ila riba inatozwa kwenye tofauti kati ya deni na akiba. Pale inapopatikana kwa gharama nafuu, inaondoa sehemu kubwa ya hofu hiyo. Na mwenye mwajiri anayeongeza mchango wa pensheni kila mfanyakazi anapoongeza wake asiuache mchango huo upite.

Kubana matumizi nako kuna mpaka. Paa linalovuja likiahirishwa ili deni lipungue, nyumba unayoinunua ndiyo inayooza. Dawa, shule na bima ya moto si mahali pa kutafuta akiba. Na mpango ambao mmoja ameubuni na mwingine analazimishwa kuuishi haudumu. Nyumba zinazofanikiwa ni zile ambazo kila mtu anajua salio liko wapi, hata watoto wakubwa, na kiasi cha ziada ni kile ambacho familia inaweza kukibeba kwa miaka bila kununiana. Kwa maoni yangu, 5,000 ya kila mwezi kwa miaka 10 ni bora kuliko 30,000 ya miezi minne inayokatika kwa ugomvi. Msipokubaliana kiasi, anzeni na cha yule anayetaka kidogo zaidi.

Deni likikaribia kwisha, omba benki barua ya kiasi halisi cha kufungia mkopo kwa tarehe maalumu, kwa sababu riba huendelea kuhesabiwa na salio la kwenye taarifa ya mwezi uliopita halitatosha. Ukishalipa, dai barua ya kuthibitisha hudaiwi, futa agizo la malipo, uliza kama bima iliyofungamana na mkopo ina salio la kurudishiwa, kisha fuatilia hadi msajili wa ardhi aondoe rehani kwenye hati. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo watu huisahau kwa furaha, halafu wanakuja kuikuta miaka mingi baadaye wanapotaka kuuza au kurithisha, benki imeshabadilisha jina na karatasi hazionekani.